Uchaguzi wa Mazoezi

Mtu wa kwanza kumuulizia Mwenyekiti asubuhi ile alimkuta Mwenyekiti mwenyewe mlangoni, mswaki mdomoni, na hakumtaka.

"Shikamoo, mzee," alisema muuza maziwa, huku akichungulia ndani juu ya bega lake. "Mwenyekiti yupo?"

Mwenyekiti alitema povu pembeni ya ngazi. "Marahaba. Kwani unayezungumza naye ni nani?"

"Wewe nakuona, mzee wangu. Namtafuta Mwenyekiti. Mama. Tumefiwa na baba mkwe, tunataka viti na hema kwa ajili ya Jumamosi."

Neno hilo "mzee" lilimchoma. Si kwamba hakustahili kuitwa hivyo, mvi alikuwa nazo za kumtosha yeye na jirani, lakini mtaa mzima ulikuwa umemwita Mwenyekiti kwa miaka mingi sana. Hata mama mkwe wake, mwanamke asiyemuogopa mtu, alimwita Mwenyekiti, tena mbele za watu. Alikuwa bado anatafuta jibu la kumweka muuza maziwa mahali pake pale mkewe alipotokea jikoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Pole sana, baba. Ingia ndani ukae. Alikuwa anaumwa au ni ghafla?"

Muuza maziwa akaingia. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, hauruhusu watu wawili kwa pamoja, kwa hiyo Mwenyekiti alilazimika kutoka nje na mswaki wake ili mgeni wa Mwenyekiti apite.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilifanyika siku moja kabla, kwenye ukumbi wa mtaa. Shirika fulani lilikuwa limeleta mafunzo ya uongozi kwa vijana na vikundi vya kijamii, na kila kikundi kilitakiwa kutoa kiongozi wake na kijana mmoja. Chama cha Viti kilimtoa Mwenyekiti. Chama hicho kina jina refu zuri kwenye muhuri wake, ila hakuna anayelitumia. Kazi yake ni kumiliki viti vya plastiki, mahema mawili na masufuria ya kupikia watu wengi, ili aliyefiwa au anayeoza mtoto asihangaike. Kwa upande wa vijana kilimtoa binti wa Mwenyekiti, kwa sababu viti vyote vilipangwa chumbani kwake mpaka darini, na hakuna kijana mwingine aliyekuwa na uzoefu navyo kiasi hicho. Tenda ya kuwapikia washiriki ilimwangukia mke wa Mwenyekiti. Kwa hiyo familia nzima ilikuwa mafunzoni, na nyumba ilibaki na paka.

Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba juu ya historia ya chama. Hakuna aliyemuomba. Mkufunzi alikuwa kijana wa raba nyeupe na filimbi shingoni, na badala ya kumpa kipaza sauti alimpa karatasi ya rangi ya waridi aandike hofu zake. Mwenyekiti akaandika "Sina". Mkufunzi akaisoma kwa sauti. "Jamani, tuna mtu hana hofu! Tumpigie makofi ya mvua!" Ukumbi ukampigia makofi kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka mvua ikawa kubwa, na yeye katikati yake anatabasamu kama mtu aliyekalia msumari.

Mchana waliitwa wanachama wote kuja kushuhudia zoezi, na kwa kuwa palikuwa na chakula, walikuja wote. Mkufunzi akasema watafanya uchaguzi wa mazoezi, wauchukulie kama wa kweli kabisa, na mfano utakuwa Chama cha Viti. Mgombea wa kwanza alijulikana. Wa pili hakupatikana. Watu walitazama sakafu. Katika chama hicho, mtu akiinuka mkutanoni kujikuna mgongo tu, Mwenyekiti alimuuliza kama ana nia.

Hapo ndipo mkewe aliingia na birika la chai.

"Mama, tusaidie dakika mbili," mkufunzi alimwambia. "Simama hapa. Wewe ni kadi ya njano, baba ni ya kijani."

"Chai itapoa."

"Dakika mbili tu. Wananchi wanataka kusikia sera zako."

Mkewe alilitua birika, akawatazama watu wale. "Sera? Viti virudi vikiwa vimeoshwa. Nimechoka kuviosha mimi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na hayakuwa makofi ya mvua. Mwenyekiti naye alicheka, tena kuliko wote, akisema huyu mama huyu. Alikuwa ameshatoa kopo la bati la biskuti la chama liwe sanduku la kura, akatoa na muhuri ili mambo yapendeze. Kura zilipohesabiwa, za njano zilijaa kiganja cha mkufunzi na kumwagika, za kijani zikahesabika kwa vidole. Mwenyekiti alicheka tena, ingawa safari hii kicheko kilitoka kidogo kidogo. Mchezo ni mchezo.

Basi mkufunzi, kwa kunogewa, akashika kipaza sauti cha ukumbi, kile chenye spika juu ya paa kinachotumika kutangazia misiba, chanjo na watoto waliopotea, akamtangaza Mwenyekiti mpya wa Chama cha Viti kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. Mtaa mzima ulisikia. Hapo hapo umeme ukakatika. Alipopaza sauti kwa koo lake mwenyewe, "Sasa tunatoka kwenye zoezi! Tukung'ute mabega! Huyu ni mama mpishi, na Mwenyekiti wetu ni yule yule!", spika ya juu ilikuwa imekufa. Wa nje hawakusikia kabisa. Wa ndani walisikia, lakini kuna kusikia na kuna kutaka kusikia, halafu pia foleni ya chakula ilikuwa imeanza.

Asubuhi ile ya muuza maziwa, alipofika sokoni, Mwenyekiti alifungua kabati lake la kioo na kupanga saa zake. Alikuwa fundi saa. Zamani watu walipanga mstari mbele ya meza ile. Sasa kila mtu ana saa kwenye simu, na anayefika mezani ni wa kuongeza tundu kwenye mkanda wa saa au kuuliza njia. Mwenyekiti hakuhuzunika sana kwa hilo, maana watu waliendelea kusimama. Walisimama kuulizia hema, kumsalimia, kumbembeleza. Yeye naye alikuwa na mtindo wake: ombi lolote, hata kama viti vyote vipo na vimelala bure, jibu la kwanza lilikuwa "Njoo kesho." Mtu akipewa papo hapo, aliamini, hajui kwamba amepewa.

Siku hiyo hakusimama mtu. Fundi viatu wa meza ya jirani, mwanachama wa siku nyingi na mdomo usio na kufuli, aliinua macho kutoka kwenye soli.

"Habari za asubuhi, mume wa Mwenyekiti."

"Yule kijana alisema ni zoezi."

"Alisema? Mimi nilikuwa kwenye foleni." Akapiga msumari. "Lakini usijali. Hata mimi mke wangu ndiye mkubwa nyumbani, tofauti ni kwamba sisi hatujatangaza kwenye spika."

Watu wa meza zilizo karibu wakacheka. Mwenyekiti alichukua saa moja mbovu, akaifungua, akaanza kuitengeneza ingawa mwenye saa alishaisahau miaka mingi. Aliogopa. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe asingelisema. Bila uenyekiti, alikuwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo na saa zisizotembea, na hakuwa na hakika kama mtu huyo kuna anayemsalimia.

Jioni alimkuta mfanyabiashara wa magodoro sebuleni kwake, amekalia kiti chake. Naye alikuwa anaoza binti Jumamosi hiyo hiyo, na naye alitaka viti na hema kubwa.

"Hapo sasa," Mwenyekiti alisema moyoni, akasimama kando kwa raha. Misiba na harusi kugongana ndiyo ilikuwa fani yake. Aliwahi kuwazungusha watu kwa kesho kesho mpaka harusi ikasogezwa mwezi. Akasubiri mkewe akwame.

"Harusi yako inaanza saa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Saa kumi jioni."

"Mazishi ni asubuhi. Kwa hiyo vijana wako waje msibani saa saba, wavioshe viti pale pale, wavibebe wenyewe pamoja na hema. Na usipige muziki mpaka watu wa msiba wawe wamekula. Ni mtaa mmoja huu."

"Basi?" Muuza magodoro alishangaa. Alikuwa amekuja na maneno ya nusu saa. "Nisije kesho?"

"Uje kufanya nini?"

Mtu yule aliondoka huku akishukuru kinyumenyume mpaka akagonga kisigino kwenye kizingiti. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake, kikiwa bado na joto la mgeni.

"Unawazoesha vibaya," alisema.

"Nimewazoesha nini?"

"Kupata vitu. Halafu sikuelewi. Yule kijana alisema mchezo umeisha. Ulikung'uta mabega na wengine, nilikuona. Mbona unaendelea?"

"Watu wanabisha hodi. Nisiwafungulie?"

"Uwaambie Mwenyekiti ni mimi!"

Binti yao, aliyekuwa akila kimya kwenye kona, akainua mkono. "Kwa mujibu wa kanuni zetu za msingi za mafunzo, tunazungumza mmoja mmoja na tunaheshimu..."

"Wewe nyamaza!" wazazi walisema kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Mkewe aliondoa sahani, akarudi, akakaa mbele yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba, sikiliza. Sikuomba. Niliingia na birika. Ijumaa wanafunga mafunzo, wanachama wote watakuwepo. Simama, waambie ulikuwa mchezo, na mimi nitasema hivyo hivyo. Nitarudi jikoni kwangu, hutasikia neno."

"Kweli?"

"Kweli."

Alimwamini, kwa sababu mkewe hakuwa na tabia ya kusema uongo. Kilichomsumbua ni kwamba, alipokuwa akisema "nitarudi jikoni kwangu", hakumtazama.

Ijumaa Mwenyekiti alivaa koti. Mkufunzi, aliyekuwa ameshaeleweshwa kisa chote na binti, alianza kwa kuomba radhi kwa kipaza sauti, akaeleza kwa urefu kwamba uchaguzi ule ulikuwa wa mazoezi. Spika ya juu ilifanya kazi vizuri kabisa. Mke wa Mwenyekiti akasimama na kusema ndivyo ilivyo, ulikuwa mchezo, Mwenyekiti ni mumewe, na chakula kitakuwa tayari baada ya vyeti. Akakaa.

Nyuso za watu zilianguka kama za darasa lililofutiwa likizo.

"Sawa," alisema fundi viatu kutoka nyuma. "Huo wa mazoezi tumeuelewa. Wa kweli ni lini?"

Mwenyekiti akakohoa. "Mambo hayo yana taratibu. Tutakaa, tutatazama. Njooni ke..."

Hakumaliza, maana watu walikuwa wameshaanza kulimalizia neno lile kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na kicheko kikapanda mpaka kwenye spika na kutoka nje. Mwenyekiti hakujua kwamba walilijua. Muuza maziwa, aliyekuja na nguo za msiba, hakucheka. Alisimama akasema kwa upole, "Mzee wangu, hatuna ugomvi na wewe. Lakini si tupo wote? Si bati lipo?"

Bati lilikuwepo. Kadi zilikuwepo. Mkufunzi aliangalia saa yake, akamwangalia Mwenyekiti kwa macho ya kuomba msamaha, akasema uamuzi ni wa wanachama wenyewe. Mke wa Mwenyekiti alisema hagombei. Wanawake wawili wakamnyanyua kwa viwiko, wakamsimamisha mbele. Ikaamuliwa kila mtu apewe kadi mbili, aende nyuma ya pazia la jukwaa, atumbukize moja kwenye bati, na nyingine aitupe kwenye gunia.

Zamu ya Mwenyekiti ilipofika, aliingia nyuma ya pazia akiwa na kadi ya kijani mkono wa kulia na ya njano mkono wa kushoto. Alikuwa amejipigia kura maisha yake yote. Aliona ni jambo la kawaida, kama kujifunga kamba za viatu. Alisogeza kadi ya kijani kwenye tundu la bati, na hapo akawaza jinsi atakavyoamka kesho akiwa Mwenyekiti tena. Muuza maziwa atakuja alfajiri kuulizia hema. Sasa hema kubwa linatangulia msibani, au ni lile dogo? Na nguzo ziko kwa nani? Atamuuliza mkewe.

Mkono ukabaki pale pale. Masufuria mangapi yametoboka, huwa anamuuliza nani? Ni nani aliyejua nyumba ipi ina wagonjwa, isikwazwe na muziki? Alijaribu kukumbuka jambo moja la chama, moja tu, alilolijua yeye bila kumuuliza mkewe. Alilikumbuka: historia ya chama. Alikuwa ameiandika vizuri, kurasa nne.

Nje mtu alikohoa kwa kuchoka. Mwenyekiti alitumbukiza ya njano, ya kijani akaitupa kwenye gunia, akatoka akiwa ameshika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili, kana kwamba amefanya kama kawaida yake.

Mkufunzi alimwaga bati juu ya meza mbele ya watu wote. Njano. Njano. Njano. Alizihesabu akizipanga, na meza ilizidi kuiva kama shamba la alizeti, mpaka chini kabisa ikatokea ya kijani, moja, peke yake.

Mkufunzi hakujua aiweke wapi. Mtu mmoja akapiga mluzi. "Amejipigia!" akapaza sauti fundi viatu, na ukumbi ukaangua kicheko. Watu walilaliana mabegani. Kadi moja ya kijani, na mgombea mmoja wa kijani, nani asiyejua hesabu hiyo? Hata muuza maziwa aliyekuwa na msiba aliziba mdomo kwa kiganja. Binti wa Mwenyekiti alifunika uso kwa cheti chake.

Mwenyekiti alifungua mdomo aseme si yangu, akaufunga. Nani angemwamini? Alianza kuwakagua watu mmoja mmoja, ni nani basi, ni nani katika wote hawa aliyemkumbuka, lakini kila uso ulikuwa unacheka. Uso mmoja tu haukucheka. Mkewe alikuwa amesimama kando ya meza, ameikodolea macho ile kadi kama mtu aliyekuta kitu chake mahali asipopategemea. Walipomtaka aseme neno, alisema asanteni, akasema viti vioshwe, akakimbilia jikoni.

Walirudi nyumbani wawili tu, kila mmoja na masufuria yake. Binti alikuwa amebaki kufagia ukumbi, au ndivyo alivyosema. Walipita nyumba kadhaa.

"Ya kijani ilikuwa yangu," mkewe alisema.

Mwenyekiti alisimama. Sufuria la juu liliyumba, akalidaka kwa kidevu.

"Nilijua unajipigia," mkewe aliendelea upesi upesi. "Unajipigiaga siku zote. Nikasema zikiwa mbili si aibu sana. Mbili, mtu anaweza kusema ana mwenzake. Ya kwako nilikuwa na hakika nayo kabisa." Akageuka kumtazama. "Sasa ya kwako ilikwenda wapi?"

"Kwenye zile za njano."

Mkewe aliweka mzigo chini katikati ya njia, akajifuta macho kwa aproni, akacheka, akajifuta tena. "Kesho asubuhi naenda kwa yule fundi viatu wako. Nitamwambia mbele ya soko zima. Hawawezi kukucheka kwa kitu usichofanya."

"Huendi."

"Nakwenda. Watakutania mwaka mzima wale, huwajui?"

"Nawajua. Ukiwaambia, watasema Mwenyekiti wao hajiamini, hata kura yake mwenyewe alimpa mtu mwingine. Watakuchezea shere tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti hujipigia kura, mama. Mimi najua kazi hiyo." Akainama, akachukua sufuria moja kutoka kwenye mzigo wa mkewe na kulipachika juu ya yake. "Twende. Una hema la kutoa alfajiri."

Kesho yake alifika sokoni mapema, kabla ya mazishi, akafungua kabati la kioo na kupanga saa. Fundi viatu alikuwa amemsubiri, na alikuwa amekusanya watazamaji: muuza mboga, mshona nguo, na watu wengine wawili wasio na shughuli.

"Ehe, mzee! Habari za kutwa nzima ya jana? Tulikuwa tunajiuliza hapa, ile kura yako uliyojipigia, ilifika salama?"

Wote wakamgeukia. Mwenyekiti wa zamani alivuta kiti, akakaa, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko cha koti.

"Ilifika," alisema.